Hati ya Nasaba ya Mbwa Wangu

Mama aliacha kula nyumbani kwangu Ijumaa ile aliyomkuta mbwa amelala ukumbini, kidevu chake juu ya kizingiti cha jiko, kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Hakupiga kelele. Alilikusanya buibui lake, akarudi kinyumenyume hadi barazani, akaketi, na kutoka huko akanieleza msimamo wake kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii. Basi mie nani niingie?"

"Mchuzi wa papa ushaiva, mama."

"Mpe aliyeukalia mlango."

Akaongeza, na hili nakiri kwamba nililisikia, kuwa mbwa wa ulinzi hana neno lake, ila alinde huko nje kunakoibiwa. Mwizi gani huyo aanzaye kazi ukumbini? Nililisikia, lakini nilikuwa nimekwisha kuudhika, na mtu aliyeudhika husikia maneno kama asikiavyo mvua akiwa ndani. Mama akaondoka na njaa yake. Wiki iliyofuata alikuja, akaketi barazani, akakataa hata maji. Wiki ya tatu hakuja.

Sharti nieleze Ijumaa zile zilikuwa nini. Tangu nilipoachika, mama alikuwa akitoka Mji Mkongwe kila baada ya sala ya Ijumaa, kwa gari ya jirani yake, hadi kwangu Bububu. Alikula. Alinilaumu kwa talaka. Alilala saa nzima kwenye kochi, mdomo wazi, kisha akaondoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Nina shahada, nina nyumba yenye hati, nina wateja. Lakini ukiniuliza ni jambo gani katika maisha yangu ya utu uzima lilikuwa limekaa sawasawa, ningekutajia chakula kile. Sasa nilikuwa nikila peke yangu, na mbwa akinitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiomba.

Mbwa mwenyewe nilipewa na meneja mmoja wa hoteli ya Kendwa aliyekuwa akihama. Mimi ni mfasiri. Nageuza mikataba ya mahoteli kutoka lugha moja isiyoeleweka kwenda nyingine. Meneja aliniachia jike la miaka miwili, la aina ya jamani shepadi, pamoja na bakuli, mnyororo na bahasha. Nilimhitaji. Mwanamke anayeishi peke yake, ambaye wezi wamekwisha kumchukulia pampu ya maji na mtungi wa gesi, hahitaji nasaha, anahitaji meno. Lakini kilichoniteka ni bahasha.

Ndani yake mlikuwa na hati ya nasaba. Karatasi nene, mhuri juu, mhuri chini, na katikati vizazi vinne vya mbwa vimepangwa kama matawi: baba na mama, babu na bibi, waliowazaa hao na waliowazaa waliowazaa. Kila mmoja na jina lake refu, rangi yake na sifa zake. Niliisoma usiku kucha kama mtu aliyepokea posa.

Watu wa Mji Mkongwe tuna maradhi ya nasaba. Muulize mwenzetu bei ya vitunguu, naye atakwambia kwanza babu yake alitoka mji gani wa Hadhramauti, ndipo afike kwenye vitunguu. Kwetu, shajara, yaani mti wa ukoo, imeandikwa kwa mkono wa babu yangu, hati za Kiarabu, wino wa kahawia, na mama anaihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kanga zake mpya. Watu waliokuja kutuposa tangu utoto wangu walitolewa mkebe ule kabla ya kutolewa kahawa. Basi nikafikiri hivi: mwanamke anayeheshimu karatasi ya namna hiyo hawezi kumdharau mbwa mwenye karatasi ya namna hiyo. Nikaifasiri hati nzima kwa Kiswahili, kwa uangalifu ambao mikataba ya mahoteli haijawahi kuupata kwangu, nikaenda kuisoma mbele ya mama, nyumbani kwake.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mbwa ana watu wake."

"Ana watu wake, mama. Wa kutajika."

"Basi mrudishe kwa watu wake."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilijiunga na jumuiya.

Bububu kuna watu tunaofuga mbwa, na tulikuwa tukijuana kama wajuanavyo wavuta sigara katika mwezi wa Ramadhani: kwa kupitana upande wa kivuli na kutosalimiana sana. Aliyetutoa mafichoni ni daktari wa mifugo, binti wa Tumbatu mwenye vidole vipana vya mtu aliyezoea kuwageuza ndama tumboni mwa mama zao. Alitaka kufanya maonyesho ya mbwa. Haja yake haikuwa uzuri wa mbwa. Alitaka watu walete wanyama wao wapate chanjo ya kichaa, na wakishafika awashike masikio, wenye mbwa, awaambie kwamba jike si kiwanda, kwamba halipandishwi kila linapoingia joto, na kwamba kabla ya kumzalisha mnyama ni wajibu kumtazama miguu, meno, moyo na wakubwa zake. Mimi nikapewa kazi ya kuandika kanuni. Niliandika kurasa sita. Daktari akazisoma, akabakisha moja.

Ni yeye pia aliyesema, bila kukusudia kuniharibia, kwamba jike langu lilikuwa limefika umri wa kufikiriwa. Nikaanza kumtafutia mume. Na nikampata upesi: dume la hoteli nyingine ya Kendwa, jamani shepadi mwenye hati. Mlinzi wa hoteli hiyo, mtu wa makamo mwenye meno ya dhahabu mawili, alinitumia picha ya hati kwa simu. Nilipoiweka kando ya hati yangu, moyo ulinipiga. Baba wa jike langu na baba wa dume lile walikuwa ndugu, tumbo moja. Babu mmoja, bibi mmoja. Hawa walikuwa mtu na binamu yake!

Nilivyolelewa, habari hiyo haikuwa ya kutahadharisha, ilikuwa ya kupigia vigelegele. Mtoto wa ami ndiye mume bora: hakuna mgeni anayeingia, hakuna siri inayotoka, na ukigombana naye wanaopatanisha ni walewale. Mama na marehemu baba yangu walikuwa mtu na binamu yake. Mimi mwenyewe niliolewa na mtoto wa ami. Kweli tuliachana, lakini mimi siku zote nimesema kwamba ndoa ile iliharibiwa na mume wangu, si na babu yetu. Nikamwambia mlinzi kwa simu kuwa tumekubali. Na yeye, bila aibu, akauliza mahari.

Kisha nikamwalika mama kwenye maonyesho. Nilimwambia kuwa nasaba ya mbwa wangu itasomwa mbele za watu na daktari, mtu wa serikali. Hilo la mbele za watu ndilo lililomvuta. "Nnakuja," alisema. "Nnataka nishuhudie kwa macho yangu ulipofikia."

Maonyesho yalifanyika Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha mpira. Daktari alichora duara kwa chokaa, na pembeni akaweka pipa la maji, kopo, na ndoo ya udongo, ili kila atakayelambwa ajioshe mara saba, moja kwa udongo, kama inavyopasa. Kona hiyo ndiyo iliyojaa kuliko zote. Mwenye rotwaila, mtu mzima na heshima zake, alifika kopo la tano, akasalimiwa, akasahau kama ni la tano au la sita, akaanza tena. Ukutani walikaa watazamaji waliokuja kutucheka, na sisi, kwa kuvuta minyororo na kuanguka, hatukuwanyima. Mbwa wa kusaka nguruwe kutoka Jambiani, mwembamba kama mpini, alikataa kusimama, alikataa kufungua mdomo, kisha akamfukuza kuku hadi nje ya kiwanja na kurudi naye mzima. Akapewa ushindi wa mbwa wa kienyeji, na kuku akarudishwa kwa mwenyewe.

Mama aliwasili na jirani, akawekewa kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, hatua thelathini kutoka kwa mbwa wa karibu, baada ya kwanza kuuliza upepo unavuma kutoka wapi.

Zamu yetu ikafika. Daktari alifungua mdomo wa jike langu, akahesabu meno, akapapasa mgongo, akakaa muda mrefu kwenye nyonga.

"Mtembeze, dada. Tena. Sasa mkimbize."

Nilimkimbiza. Niliona buibui langu likipepea na nikajiona nimependeza.

"Mguu wa nyuma, wa kulia," alisema daktari. "Anaubana. Umewahi kumwona akipanda ngazi kwa shida?"

"Mvivu tu," nilisema, kisha kwa kuwa niliiona nafasi inaponyoka, nikatoa hati zote mbili na kupaza sauti mpaka chini ya mwarobaini. "Daktari, tumekuja na posa. Dume lile pale ni binamu yake. Tazama mwenyewe: babu mmoja, bibi mmoja. Hakuna mgeni hata mmoja hapo katikati!"

Daktari alizitazama hati, akanitazama mimi. "Dada, hilo unalisema kama sifa?"

"Kwani ni nini?"

"Ni sababu ya kukataa." Hakusema kwa ukali, alisema kama anavyomwambia mtu kuwa ng'ombe wake hana mimba. "Jike hili nyonga zake si nzima. Ubovu huu hurithiwa, na nahisi umetoka kwa wakubwa wake. Ukimpandisha na mjukuu wa wazee walewale, unawapa watoto ubovu kwa baba na kwa mama. Watazaliwa wazuri, watauzwa, na wakifika miaka mitatu hawatainuka. Huyu hazalishwi na binamu yake. Na kwa nyonga hizi, hazalishwi kabisa."

Mlinzi wa Kendwa alishusha mnyororo. "Basi posa imevunjika? Na mie nshavaa shati la harusi!"

Watu ukutani wakacheka. Kicheko kilikuwa hakijaisha nilipoisikia sauti ninayoijua kuliko yangu.

"We mwanangu! Daktari!"

Daktari akageuka. "Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu irejee hiyo habari ya babu mmoja. Mie nimekaa mbali."

Daktari akairejea, kwa sauti iliyopungua kidogo.

Mama akainuka kitini. "Mie na marehemu baba yake huyo mwenye mbwa, babu yetu mmoja, bibi yetu mmoja. Tumeoana, tumezaa. Kilema kiko wapi?"

"Bibi, mimi nimesomea wanyama."

"Basi huyo hapo. Mtembeze umsome."

Sijui kwa nini nilitembea. Nina umri wa mtu anayeitwa bi mkubwa sokoni. Lakini mama alikuwa ameonyesha duara kwa kidole, na miguu yangu iliyazoea maagizo yake kabla ya kuyazoea ya kwangu. Nikazunguka chokaa mzunguko mzima, mbwa kando yangu, sote wawili vichwa juu.

"Mkimbizeni na yeye!" alipiga kelele mlinzi.

"Kamkimbize mamako!" alimjibu mama, na ukuta mzima ukalipuka.

Daktari, mikono nyuma, alinitazama kwa makini aliyompa kila mbwa siku ile. "Huyu mzima," alisema. "Miguu sawa, mwendo sawa."

Nina nyonga ya kushoto inayolia kila nikipanda ngazi za nyumba ya mama. Sikuitaja. Hakuniuliza.

Mbwa wangu akawa wa tatu katika jamani shepadi watatu, na kwenye kadi yake ya chanjo daktari akaandika: asizalishwe. Nilimfunga kwenye mlingoti wa goli, nikaenda kumuaga mama nikiwa nimekubali kushindwa. Hakuniruhusu kusogea hadi nilipojiosha, na makopo aliyahesabu yeye. La tatu alilikataa kwa kuwa halikufika kwenye kiwiko. Nikawa safi. Akanyoosha mkono.

"Nisomee tena karatasi ya yule mtu wako."

"Mama, karatasi yenyewe ndiyo iliyomponza."

"Soma."

Nikasoma. Safari hii aliweka kidole juu ya kila tawi, na kila tawi akauliza. "Na huyu?"

"Mama yake."

"Na huyu?"

"Mama wa mama yake."

"Na huyu wa pembeni kabisa?"

"Bibi wa mama yake, kwa upande wa kike."

Kidole kikabaki pale. "Wamewaandika majike."

"Wanaandikwa wote. Bila mama hati haipokelewi."

"Kwetu ilipokelewa," alisema mama. Kisha akaita gari.

Nilirudi nyumbani na mbwa wangu, yeye akibana mguu wa kulia na mimi wa kushoto, nikiifikiria shajara ile ya mkebe. Nilikuwa nimeiona mara nyingi mno kiasi cha kutoiona. Ina wanaume tu: fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa mtu aliyeshuka bandarini bila mzigo. Hakuna binti, hakuna mke, hakuna aliyewazaa. Na mama, kwa kuolewa na binamu yake, alikuwa ameishi maisha yote ndani ya karatasi ile: amezaliwa humo, ameolewa humo, amezaa humo, na hayumo.

Jumatano nikamwita fundi. Alijenga banda nyuma ya nyumba, kivulini, lenye sakafu kavu na mlango wake wenyewe unaofungukia bustanini, na ukuta wa matofali kati ya bustani na jiko. Ilimchukua siku mbili. Kwa miezi minane nilikuwa nimemtaka mama avuke kizingiti kwa nguvu ya hoja, mihuri na tafsiri, wakati jambo lenyewe lilihitaji matofali, na alikuwa ameniambia hivyo siku ya kwanza. Mbwa aliingia bandani, akajinyoosha, akakoroma. Ilionekana hata yeye hakuwahi kuupenda ule ukumbi.

Ijumaa sikumwita mama. Nilipika tu, chakula cha watu wawili, nikajiambia kwamba ni mazoea ya mkono. Baada ya sala gari ya jirani ikasimama, na mama akashuka, mkebe wa biskuti kwapani.

"Yule mtu wako yuko wapi?"

"Nyuma. Kajengewa."

Alikwenda mwenyewe kuhakikisha. Alisimama upande wake wa ukuta, mbwa upande wake, wakatazamana kupitia matundu ya matofali kama wake wenza. Aliporudi alichungulia ukumbini, akavuta hewa kwa pua. "Umeosha?"

"Mara saba. Moja kwa udongo."

"Nani kakuhesabia?"

Sikuwa na shahidi. Nikaosha tena, yeye yuko mlangoni anahesabu, na wali unapoa. Kwenye kopo la saba alivua viatu, akavuka, akaketi mahali pake mkekani, akala kama mtu aliyefunga miezi minane. Hakusifu chochote. Alisema chumvi imezidi, akaongeza mchuzi.

Alipomaliza sahani ya kwanza aliufungua mkebe, akaikunjua shajara ya babu, akaisukuma upande wangu.

"Kalamu unayo? Uniandikie kama ya mbwa."

Nilidhani namsikia vibaya, nikamwambia aseme tena.

"Kama ya mbwa. Kila mtu na mama yake."

Tukaanza na yeye. Mama yake mama, mama wa mama yake. Upande wa baba vilevile. Alikuwa nao wote kichwani, wanawake ambao sikuwahi kuwasikia wakitajwa ila katika dua: huyu alikuwa mfupi, huyu aliunguza pilau ya harusi yake mwenyewe, huyu alimpiga mumewe kwa mwiko na watu wakasema ameanguka ngazini. Niliandika. Mara mbili mistari ilikutana pale babu alipojirudia, nami nikapaona mahali ambapo daktari angekunja uso. Mama akapaona pia. "Hapo usimwonyeshe," alisema.

Kwenye kizazi cha nne tulikwama. Kwa yule mtu wa bandarini. Nilikwisha kuandika jina lake, na kando yake pengo.

"Huyu mkewe tulikuwa tukiambiwa katoka bara," nilisema.

"Katoka bara." Alipangusa vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Alinunuliwa. Bibi yangu alinambia, na mie skumwambia mtu. Jina alilopewa huku nnalo. La kwao hatunalo."

Wali ulikuwa umepoa kabisa. Nikamuuliza kama niandike.

"Kwenye ile ya mbwa hawakuandika nani kamuuza nani?"

Ilikuwa kweli. Chini ya hati, kwa herufi ndogo, mlikuwa na mfugaji, muuzaji na mnunuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifasiri.

"Wameandika," nilisema.

"Basi."

Nikaandika jina alilopewa huku. Mbele yake mama akaniamuru niache nafasi, si ndogo, ya jina jingine. Nikaiacha. Kisha akainua sahani yake, akakusanya mifupa ya samaki pembeni kwa kijiko bila kuigusa, akatazama kuelekea ukutani.

"Na yule kashakula?"

"Bado."

"Mpelekee. Ukirudi uoshe mikono, nitahesabu. Tuna watu wengi hawajaandikwa."